Kiapo cha Nduma na Ngazi za Viena

Mama Mwenda,

Huna adabu. Naanza hivyo kwa sababu wewe ndivyo ungeanza. Tangu tukuzike kando ya migomba yako, umemtokea Sara wa kwaya katika ndoto, Sara yule uliyesema sauti yake inakausha maziwa ya ng'ombe, ukamwambia awapeleke kuku wake kwa daktari. Umemtokea shemeji yako muuza miraa, mkacheka pamoja, anavyosema. Kwangu mimi, niliyekaa nawe mlango kwa mlango tangu tukiwa maharusi, hujakanyaga. Nalala mapema kama kuku ili nikupe nafasi. Naamka nimeota mbuzi.

Unaona ninaandika. Herufi zimelala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, lakini ni zako. Shule sikukanyaga. Wewe ndiwe uliyenichorea kwa makaa kwenye mlango wa stoo, maneno ukiyatoa kwenye kitabu cha nyimbo, na ndiyo sababu naweza kuandika Kiswahili cha kanisani lakini lugha ya mama yangu ya Ishiara sijui kuiandika hata neno moja. Kwa hiyo ukiona nimekosea, jilaumu.

Nikupe habari kwanza. Ng'ombe wako alizaa, ndama jike, ana doa jeupe kwenye paji la uso na kiburi kama chako. Mvua imefika. Nimepanda shamba langu, kisha nikapanda lako, kwa sababu likikaa wazi naliona kila nikifungua dirisha na chai inapoa mkononi. Mwenda wako hajambo huko Viena, bado anapika kwenye ile hoteli. Binti yake mwenye jina lako amekuwa mkubwa, anaongea. Mwenda bado anamwita Mama, kama inavyotakiwa, na akitaka kumgombeza anaomba msamaha kwanza. Mimi namwita Mama Mwenda. Mke wa Mwenda, yule wa huko, mwanzoni alidhani tumechanganyikiwa. Sasa amezoea.

Gambuti zako za mpira ninazo. Ile asubuhi ulitoka kukamua, ukaja jikoni kwangu, ukakaa kwenye kigoda ukavua moja. Ya pili hukuvua. Niliivua mimi, nikikugombeza ati wacha kunichezea, mguu wako bado una joto mkononi mwangu.

Basi. Ngoja nifute macho, karatasi ni moja tu.

Shida yangu ni hii: nimefungwa. Kirimi, mwanangu mimi niliyemzaa, ameniwekea kiti cha plastiki kibarazani na ameniambia nikae. Mke wake Doris ananiletea chai kabla sijaisikia kiu. Nikielekea mtoni na mtungi, mtu anatumwa kunirudisha. Nikipanda mlima kidogo kunyoosha miguu, simu inalia, ni binti yangu Wanja wa Embu mjini: "Mama, nimesikia umetoka." Amesikiaje, yuko Embu? Wananichunga kama ndama wa gredi wa bei kali. Na pasipoti yangu Kirimi aliichukua, ati akaiweke salama dukani kwake Makutano. Salama kutoka kwa nani, kama si mimi?

Wanaogopa. Nawaelewa. Walikuona ukibebwa, na wewe ndiwe uliyekuwa na nguvu kati yetu. Lakini Kirimi alisema neno moja lililonikalisha kwenye kile kiti kweli. Alisema, "Mama, ile ilikuwa safari ya wawili. Mmoja hayupo." Mtoto hajui kiapo chetu, na alikitaja kama aliyekuwepo.

Unakumbuka tulivyopanga? Mwenda alituambia kwa simu, "Nitawaita baridi ikiisha." Sisi tukangoja Julai yetu ipite na ukungu wake, Agosti ikaingia, tukafunga mizigo. Wewe hata uligawa kuku wako watunzwe. Kumbe baridi yao inaisha Aprili. Mwenda alicheka mpaka simu ikakatika. Agosti, akasema, mji umejaa wageni na yeye hatoki jikoni; ngojeni Aprili, miti ikianza kuchipua. Nami nikauliza, ni mtu gani mwenye akili anaacha shamba mwezi wa kupanda akaenda kutazama miti? Ukaniambia, "Wewe msichana wa Ishiara, umepanda kila Aprili tangu uolewe. Mahindi yamewahi kukushukuru?"

Ukachukua ile kalenda aliyotuma, yenye kanisa la mnara wa ncha, ukaipigilia msumari jikoni kwangu. Ukasikia kwamba wazee wa huko hupanda ngazi za mnara kwa miguu mpaka juu, ukakasirika kama umetukanwa. "Sisi tuliobeba kuni kwenye huu mlima tushindwe na ngazi?" Kila asubuhi baada ya kukamua tukawa tunashuka mtoni na kupanda, tumevaa raba ulizochagua Makutano, zako kubwa kupita kiasi kwa sababu ulisema mguu wa mzee huvimba ndani ya ndege. Vijana wa miraa wakatuuliza, "Akina mama, mnakimbizwa na nani?" Ukawajibu, "Na Viena." Tangu siku hiyo soko lote la Mikinduri likatuita Viena. Mpaka leo nikipita mtu anauliza, "Viena, mwenzako yuko wapi?" kisha anakumbuka na kufunga mdomo.

Mpango ulikuwa kichwani mwako wote. Siku ya kufika, kulala. Kesho yake kanisa na mnara. Halafu bustani, kuona miti inayotoa maua kabla ya majani, jambo ambalo mimi nilisema ni uongo wa Mwenda. Halafu soko, tuone wanauza viazi vipi. Lakini kilichokuwasha hasa ni benchi. Ulitaka tukae kwenye benchi kando ya mto wao, mgongoni hatujabeba kitu chochote, watu wapite watuone tumekaa. Hicho tu. Na umshike yule mtoto mwenye jina lako mapajani, kwa kuwa hujawahi kumshika.

Siku ya viza kule Nairobi ile mashine ilikataa vidole vyetu. Vyangu vimeliwa na mkonge, vyako na jembe. Yule binti wa dirishani akatupaka mafuta, akatupangusa, akajaribu tena, ukamwambia, "Binti yangu, vidole viko. Ni mashine haijazoea watu wanaolima." Alicheka, akajaribu tena mpaka ikakubali. Tukarudi nyumbani kama washindi. Jioni hiyo nikachemsha nduma, magimbi yetu ya mtoni, tukala, ikabaki moja. Ukaikata katikati ukanipa nusu, ukasema, "Tuapie hapa hapa. Asiende mmoja bila mwenzake. Atakayeenda peke yake, miguu yake ikatae ngazi za kule." Nikasema hivyo hivyo, nikameza. Tukacheka.

Tungejua hatungecheka. Wewe unawajua watu wetu. Kiapo kilichomezwa na chakula hakina mzaha, hata kama waliokula ni vikongwe wawili wenye kelele. Tangu tukuzike, goti langu la kulia limekataa ngazi. Si vilima, si mteremko wa mtoni. Ngazi tu, zile chache za mlango wa kanisa. Mchungaji ananiambia, "Mama Kirimi, hiyo ni baridi yabisi." Nikamuuliza, baridi yabisi ilijuaje siku ya kuanza? Akaniombea, nami nikasema amina, lakini goti halikusema amina.

Mwenda akapiga simu akaniambia tiketi yangu bado iko, nije mimi, maua yameanza. Nikajikuta nimebanwa kotekote kama ng'ombe kwenye kibanio cha kuogeshea. Nisipoenda, mtoto mwenye jina lako atakua bila kushikwa na mkono wowote wa huku kwenu. Nikienda, nimekuvunjia kiapo, na wewe huwezi hata kunigombeza. Na Kirimi ana pasipoti. Na kusoma kwangu ni kwa kitabu cha nyimbo. Nikipotea huko sijui hata kibao cha choo kimeandikwa nini. Wewe ndiwe uliyekuwa usome.

Nikaenda kwa dada yako Kathure, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa aliyebaki kwenu. Alinisikiliza akipepeta maharagwe, hakuinua macho. Akasema, "Kiapo cha chakula anakifungua aliyekula nawe. Mwenyewe. Mwingine hawezi." Nikamwambia, Kathure, mwenyewe tumemzika. Akasema, "Basi mngojee."

Ndiyo maana nimekungoja. Ndiyo maana nimekasirika kuhusu Sara na kuku wake. Nilikuwa nahitaji neno moja tu kutoka kwako, "nenda" au "kaa", na wewe unazunguka kwa watu ukitibu kuku.

Sasa sikia. Jumapili iliyopita baada ya ibada Mwenda alipiga ile simu ya kuonana. Nilikuwa kwenye kiti cha Kirimi. Binti yake alikuwa mezani anakula kiazi. Akaja karibu na kioo mpaka nikaona paji la uso tu, na ni lako, lile lile, la mtu anayetaka kujua nani amesogeza sufuria yake. Akaniuliza kwa Kiswahili anachofundishwa na baba yake, "Wewe unakuja lini?" Nikamwambia, Mama Mwenda, siwezi, mguu umekataa. Akanitazama. Akakivunja kile kiazi vipande viwili, kimoja akatia mdomoni mwake, kingine akakibandika kwenye kioo mbele ya uso wangu. "Kula," akasema. "Kula, uje."

Mwenda akacheka akaomba kitambaa apanguse simu. Mimi sikucheka, niliitikia, "Haya." Doris aliyekuwa nyuma yangu alidhani nimepatwa na kitu, akakimbia kuleta maji.

Nilikwenda kwa Kathure siku hiyo hiyo, na safari hii hakuna aliyethubutu kunirudisha. Nikamweleza. Aliacha ungo. Akaniuliza, "Ulimwitikia?" Nikasema nilimwitikia. Akasema, "Si ulinisikia nikisema mwenyewe? Sasa unangoja nini?"

Kwa hiyo nisamehe nilivyokutukana hapo mwanzo, au usinisamehe, Sara bado hakustahili. Lakini nimeelewa. Mimi nilikuwa nakungoja hapa kama mjinga, kumbe wewe ulishatangulia, uko Viena unakula viazi.

Juzi nikaenda Makutano. Nilimkuta Kirimi akimuuzia mtu karai. Akaniuliza, "Mama, umekuja na nani?" Nikamwambia nimekuja kuchukua pasipoti. Akasema, "Na ukianguka kule?" Nikamwambia, nitaokotwa. Nikianguka kutoka kwenye kile kiti chako si utaniokota pia? Akasema tena ni safari ya wawili. Nikamwambia ndiyo, mwenzangu ametangulia. Akafungua kabati akanipa bila kunitazama, kisha akaanza kuwapigia kelele wateja ambao hawakuwepo. Nikasimama nje kwanza, nikamwacha amalize, ndipo nikarudi kumuaga.

Sitakudanganya, goti bado linauma. Naogopa ndege, naogopa vibao, naogopa ile baridi inayoisha mwezi usio wake. Doris amenifungia sweta tatu na anazidi kuongeza. Mwenda ameniambia nduma nisibebe, nitanyang'anywa, basi nitaimaliza yote kabla ya kuingia, na kule nitagawana kiazi na mwenye jina lako. Nitapanda mnara kwa raba zako, nimejaza kitambaa mbele. Goti likigoma nusu ya njia nitakaa kwenye ngazi nipumue, watu wapite pembeni. Kwenye benchi nitakaa upande mmoja, upande wa pili nitauacha wazi, na mtoto nitampakata mimi, kwa mikono yangu hii isiyo na alama, mpaka mkono ufe ganzi. Hilo nakuahidi. Nikirudi nitapalilia shamba lako, magugu hayatanishinda, na huyo ndama nitamfundisha heshima ambayo wewe ulishindwa kufundishwa.

Pumzika, mwenzangu. Nimekukosa hata kwa ugomvi.

Ukitaka kunitembelea tena, usije Mikinduri mwezi huu. Utamkuta Kirimi peke yake na utamuua kwa hofu. Njoo kule kwa mwanao. Ni nyumba ya ghorofa, mlango wa kijani, unapanda ngazi mpaka mwisho, usiniambie umechoka. Mke wa Mwenda anasugua sakafu yake mpaka inang'aa, kwa hiyo usiingie tu kama unavyoingia kwangu. Kuna kigoda hapo mlangoni. Kaa, vua gambuti. Vua zote mbili.