Kisiwa Alichokiandika Baba Mkubwa Kabla ya Kukiona

Jumatatu, 3 Agosti

Siku ya nne juu ya nyumbu. Sina pa kukalia tena! Ukungu mzito tangu alfajiri, hata masikio ya mnyama niliyempanda siyaoni. Baba Mkubwa kajifunika blanketi hadi puani, hakutazama kushoto wala kulia. Tulipofika nyumba ya wageni, kabla sijavua viatu, akaniambia nitoe kalamu. "Andika, mwanangu: mandhari ya milima yalinitoa machozi."

Mandhari yapi? Machozi gani? Mtu alikuwa anakoroma!

Nimeandika. Ndiyo kazi niliyoletwa kufanya — kuandika anayosema, halafu kumtafsiria kwa wenyeji. Marehemu mama yangu alizaliwa huku juu, na lugha yake ninayo. Baba Mkubwa, mwandishi mzima anayesomwa nchi nzima, hawezi hata kuomba maji.

Jumatano, 5 Agosti

Tumelala kwa mfua chuma. Yeye na mkewe wametuachia vitanda, wenyewe wakalala jikoni sakafuni. Asubuhi Baba Mkubwa akanigeukia mbele ya mama wa watu, anatabasamu: nimwambie kitanda kina kunguni na supu yake ni maji ya kuoshea vyombo.

Nikamwambia: "Anasema Mungu akuzidishie, mama."

Akafurahi masikini, akatufungia mayai ya kuchemsha ya njiani. Mwenye nyumbu anayetuongoza njia anajua lugha zote mbili, akashikwa na kikohozi cha ghafla. Huko njiani akanisogelea. Eti dada, siku watu hawa wakijua anachosema, watakaomlaumu ni wewe, si yeye. Nikamwambia ashughulike na nyumbu wake.

Anasema kweli, na ndicho kilichoniudhi. Kutwa nimekasirika. Mayai sikuyaonja.

Alhamisi, 6 Agosti

Bandarini. Bahari imechafuka, mashua ya barua ya kwenda kisiwani haiondoki mpaka Jumamosi. Tumepewa chumba juu ya ghala la kamba, kinanuka lami. Baba Mkubwa kasema tusipoteze muda, tuandike barua yake ya gazeti, ile ya kisiwani.

Nikadhani sikusikia vizuri. Kisiwa hatujakanyaga!

Akasema ndiyo maana. Kuona kunaharibu sentensi. Tutaiandika hapa, tutaipeleka kisiwani, tutaipeleka posta ya huko huko Jumatatu — msomaji wa gazeti akiona muhuri wa kisiwa ataamini kila neno.

Basi akafumba macho, akaanza. Kisiwa kimebaki na vikongwe kumi na mmoja wanaosubiri kufa. Sauti ya mtoto haijasikika kwa miaka kumi. Ingekuwa huruma kuwahamishia bara wakafie mahali penye joto, na majani yale mazuri waachiwe kondoo.

Kalamu ikasimama. Nikamuuliza habari hizi kazipata wapi. Kwa mwenye ardhi, akasema, mezani, wiki ile tuliyokaribishwa. Mwenye ardhi! Ambaye kondoo ni wake! Ambaye baraza la ardhi linakaa mwisho wa mwezi kuamua kama apewe kisiwa chote! Na wajumbe wote wanasoma gazeti hilo hilo, wanamwamini Baba Mkubwa kuliko macho yao.

Nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka, akasema siasa haimhusu, yeye ni mtu wa lugha.

Nimeandika mpaka nukta ya mwisho. Kwa mwandiko wangu mzuri, ule aliousifia tangu nikiwa darasa la tatu. Ningekuwa na haya ningevunja kalamu.

Jumamosi, 8 Agosti

Watoto!

Gatini wamejaa watoto. Wamebeba mizigo yetu, wamegombea mwavuli wa Baba Mkubwa, mmoja amenishika mkono tangu mashuani mpaka mlangoni bila kuniuliza jina. Baba Mkubwa hakuona kitu, alipitishwa kama gunia, kachafukwa na tumbo, kitambaa usoni. Sasa kalala chumba cha nyuma, madirisha yamefungwa, mwanga unamuumiza.

Mwenyeji wetu ni mkunga. Mwanamke mfupi, mikono mipana, maneno machache. Kila mtoto wa kisiwa amepitia mikononi mwake, na wote kawaandika kwenye daftari: siku, jina, uzito kwa mizani ya kupimia sufu. Nimesoma mwenyewe. Walio chini ya miaka kumi ni thelathini na wawili. Wa mwisho ana siku tisa, anaitwa kwa jina la marehemu mama yangu. Nikajifanya nimeingiwa na moshi machoni.

Nikaenda kwa Baba Mkubwa. Nikamwambia: thelathini na wawili! Akajibu, bila kufumbua macho, kwamba watoto hawabadilishi picha kwa ujumla. Nikamwambia basi sikiliza, wanacheza chini ya dirisha lako. Akasema amewasikia, na niwafukuze, kichwa kinamuuma.

Mtu aliyeandika kwamba hapa hakuna mtoto ananituma nikanyamazishe watoto!

Sikwenda. Wapige kelele mpaka paa ling'oke.

Jumapili, 9 Agosti, mchana

Baba Mkubwa amepona, amenyoa, amevaa koti jeusi. Anataka kusoma mbele ya watu, kama alivyozoea kwa kila mwenyeji, maana anapenda kupigiwa makofi kuliko chakula. Mkunga akatuma watu nyumba kwa nyumba. Sebule imejaa, wengine wamesimama uani. Watasomewa barua ya kisiwa chao. Msomaji ni mimi, kwa lugha yao, ile ile ya mama yangu.

Nikamvuta pembeni. Nikamsihi, Baba Mkubwa, hii usiwasomee, na kesho usiitume, chukua hata nusu saa utembee uone. Akanipigapiga begani. "Tia utamu wako, mwanangu, kama siku zote. Unadhani sijui? Wewe ndiye uliyetupatia vitanda vyote tangu tuondoke nyumbani."

Anajua! Siku zote alijua! Alitukana kwa raha zake kwa sababu mimi nilikuwepo kupangusa. Na mimi nikijiona mwema, kumbe ni kitambaa cha jikoni.

Nikasema leo utamu sitii. Ndipo akabadilika uso. Eti nani kanilea baba yangu alipokufa? Nani kanisomesha? Shukrani ya punda ni mateke. Nikisoma vingine, nisipande mashua yake kesho, wala nisigonge mlango wake tena.

Sasa niko jikoni, nimesema nakunywa maji. Barua iko mbele yangu. Ni kweli kanilea. Shali hili alininunulia yeye. Nampenda, mzee huyu mwongo, na siku nyingine zote ningekwenda kule nikawaambia anasifu upepo wenu na ukarimu wenu, wangepiga makofi, na kesho barua ingeondoka, na mwisho wa mwezi wangekuja kutolewa majumbani bila kujua ni nani aliyewafanyia.

Mkunga ameingia kuchukua kigoda. Akaniuliza, taratibu: "Mwanangu, ni mazuri aliyoandika juu yetu?"

Nimesema hapana, mama. Si mazuri.

Ameketi kwenye kigoda chenyewe. Nikamuuliza kama ndani ya nyumba hii kuna wino na karatasi, na kama mashua ikiondoka alfajiri inaweza kubeba barua mbili za gazeti lile lile, yake na yangu. Akasema inaweza. Kisha akainuka, akanirekebisha shali mabegani. Nisome yote, akasema, nisiruke hata neno, na yeye atasimama karibu yangu.

Baba Mkubwa ananiita mara ya tatu. Sauti yake ya mbele ya watu, tamu kabisa. Naja, nimeitikia, naja —