Mgonjwa Akisema Sijambo

4 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama mdogo na kuku wake watukutu. Mimi mwanao sijambo, ila nimechoka kuzunguka mji huu na bahasha ya vyeti kwapani.

Kazi bado. Kila hospitali ninayoingia wananisifu, cheti kizuri, alama nzuri, haya, uzoefu uko wapi? Nikiuliza uzoefu unapatikana wapi, wananiambia kazini. Nikiomba hiyo kazi, wananirudisha kwenye uzoefu. Jana mlinzi wa getini aliniambia, "Dada, kwa kukaa kwenye benchi wewe uzoefu unao." Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka naye.

Lakini kuna hospitali moja imenipokea kwa kujitolea. Yaani nafanya kila kinachofanywa na nesi isipokuwa kupokea mshahara. Matroni wetu tunamwita Darubini, kwa sababu hakuna kinachompita. Amesema nafasi ikitokea ataanza na sisi tulio ndani. Basi sithubutu kutoka, maana anayekosa siku moja anamkuta mwenzake kwenye wodi yake.

Siku ya kwanza nilimsalimia mzee mmoja, "Hujambo baba?" Akasema sijambo, nami nikasogea kitanda cha pili. Darubini akanishika mkono akanirudisha. "Mgonjwa akikwambia sijambo amekusalimia, hajakujibu. Funua shuka." Tukafunua. Mgongo wa yule mzee ulikuwa umechunika wote kwa kulala upande mmoja. Mama, niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Ile sare uliyonishonea imewatoa watu macho. Wanauliza fundi ni nani, na mimi naringa.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Nesi wa bure


20 Februari

Kitinda mimba wangu,

Marahaba mwanangu, marahaba tena. Mimi sijambo, mama yako mdogo hajambo, kuku mmoja amekufa lakini alikuwa mjeuri, hatukumlilia.

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye cherehani, mguu unakanyaga na macho yanasoma, mpaka nikaziba mfuko wa suruali ya mwalimu. Endelea kuniandikia hivyo hivyo. Simu ya mwenye duka siitaki, ukiongea pale foleni nzima inasikiliza na wengine wanachangia.

Huko kujitolea kwenu kumenishangaza. Nilijua mtu hujitolea akiwa nacho. Kumbe siku hizi hata asiye nacho anajitolea, tena kwa wenye nacho. Haya, vumilia. Mvumilivu hula mbivu, ingawa mimi nimeona wavumilivu wengi wakiachiwa maganda.

Huku joto limezidi, nakunywa maji mtungi mzima na kiu iko pale pale. Halafu nikuchekeshe. Juzi jioni navua viatu, namwona mama yako mdogo amenitumbulia macho. Kumbe sindano imezama kwenye wayo, imebaki kichwa tu. Nimekanyaga cherehani nayo mchana kutwa, wala sikuisikia! Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nadhani ni vile viatu vipya nilivyovaa kwenye mahafali yako, vilinibana siku ile vikanitia usugu wa moja kwa moja.

Kula. Ukikonda nitaipunguza hiyo sare kwa hasira.

Mama yako,
fundi wako


11 Machi

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Na mama mdogo? Mimi sijambo.

Habari ya sindano nimewasomea wenzangu chumba cha chai, tumecheka sana. Wanasema mama yangu ana soli, hana wayo.

Mwenzio nimechoka, Mama. Nafasi ilitokea. Tuliambiwa tungoje usaili. Tukangoja, kisha asubuhi moja tukamkuta binti tusiyemjua amesimama wodini, ana kitambulisho cha kazi shingoni, ananiuliza mimi jinsi ya kupima presha. Ni mkwe wa mhasibu. Nikamfundisha, maana mgonjwa alikuwa anasubiri na mgonjwa hana kosa. Baadaye niliingia chooni, nikavua sare, nikaikunja vizuri niondoke zangu. Nikasikia mtu wodini anaita, "Nesi! Nesi!" Nikaivaa tena. Nilijichukia kwa kuivaa.

Darubini alinikuta nje nafuta macho. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Nyingine ipo njiani, na hiyo nitaisimamia mwenyewe." Sijui nimwamini.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, hofu yetu ni juu yako.

Huyo mkwe wa mhasibu usimchukie, yeye kabebwa tu. Mchukie aliyembeba, na ukimaliza kumchukia rudi kazini. Mtoto wangu hakusoma vile ili akaishie chooni kukunja nguo.

Nikupe kichekesho kingine, hiki kina uchungu kidogo. Pale ilipoingia sindano pametoka kidonda, kidogo tu, hakiumi. Nikasema niende zahanati wanisafishie. Nimekuta chumba cha kufunga vidonda kimetiwa kufuli. Nikauliza, nesi yuko wapi? Kijana wa dirishani akanijibu, "Mama, manesi hakuna, hawajaajiriwa." Nikamwambia mbona mimi ninaye mmoja, mzuri, ana alama nzuri, yuko mjini anaosha vyombo vya choo bure? Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Nikarudi nyumbani nikakifunga na kitambaa cha sare yako kilichobaki, cheupe, safi kabisa.

Ukipata kazi niandikie siku hiyo hiyo.

Mama yako


25 Aprili

MAMA!

Shikamoo! Nimepata! Nimepata kazi, Mama, ya mshahara, yenye kitambulisho! Nenda kamwambie mwenye duka na foleni yake yote!

Ngoja nikusimulie. Tuliitwa chumba cha mikutano, mmoja mmoja. Mezani wako Darubini, daktari mkuu na yule mhasibu, kanuna. Wakaniuliza mambo ya kawaida, nikajibu. Mwisho Darubini akaegemea kiti akasema: "Anakuja mama mtu mzima. Anasema hajambo, ila ana kiu isiyoisha. Unaanzia wapi?"

Nikasema namvua viatu.

Mhasibu akacheka. Darubini hakucheka, akasema eleza. Nikaeleza kwamba kiu ile inaweza kuwa kisukari, na kisukari kikikaa mwilini bila kutibiwa kinaua hisia za miguu. Mtu anaweza kuchomwa na msumari au sindano akatembea nayo kutwa asi

Mama.

Mama, ile sindano.

Nimeinuka nikakaa tena. Nisikilize. Vua viatu sasa hivi. Mwambie mama mdogo aangalie nyayo zote mbili na katikati ya vidole. Aseme kama pamebadilika rangi, kama panatoa harufu. Usiende zahanati, nenda hospitali kuu wakupime sukari, leo, wala usingoje kumaliza nguo ya mtu. Kidonda kisichouma ndicho kibaya, Mama. Niliyasoma haya yote, nimeyajibu mbele ya watu nikapigiwa makofi, na barua zako zilikuwa kwenye mkoba miguuni pangu.

Nimempigia simu mwenye duka akuhimize uende. Anasema amekuona asubuhi, umemwambia hujambo.

Nimeomba ruhusa nije. Ofisi inasema mkataba sijausaini, nikiondoka nafasi inakwenda kwa anayefuata, hata Darubini hawezi kuizuia. Haidhuru. Neno lako moja tu nakuja. Niambie ukweli.

Mwanao


3 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Nimepiga vigelegele peke yangu kwenye cherehani mpaka mteja akaogopa.

Punguza wasiwasi. Viatu nimevua, mama yako mdogo ameangalia, hakuna kitu. Kidonda kimefunga. Hospitali nimekwenda, sukari ipo kidogo, wamenipa vidonge. Kiu imepungua.

Mimi sijambo. Usije. Saini.

Mama yako


20 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imenishusha mzigo, nimelala usingizi ambao sijaupata tangu nije mji huu. Nimesaini. Kitambulisho kina picha yangu nimetabasamu kama mjinga.

Meza vidonge, usivikose. Likizo nitaipata baada ya muda wa majaribio, nitakuja na nitakuvua viatu mwenyewe.

Nina ombi. Sasa niko kazini kila siku na sare ni moja, nafua usiku naivaa mbichi. Nishonee ya pili, Mama. Taratibu tu, ukipata nafasi.

Mwanao, nesi wa kweli


28 Juni

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Mwenye duka anasema cherehani yako imefunikwa na mlango umefungwa, lakini mama mdogo amemwambia hujambo. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao


14 Agosti

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, nilikuwa hospitali kuu.

Mguu wa kulia wameuondoa, chini ya goti. Nakwambia hivyo hivyo, maana sijui njia ya kuzunguka neno hilo. Barua yako ya Aprili ilipofika, kidole kilikuwa kimeshageuka cheusi. Mama yako mdogo alilia, akataka kukuandikia, nikamwambia akithubutu nitamfukuza yeye na kuku wake. Hospitali sikuwa nimekwenda. Nilikwenda mwezi wa sita, nilipoanza kuweweseka kwa homa.

Daktari alikuwa mkali. Akaniuliza, "Mama, ina maana huna mtu wa kukuangalia?" Nikamwambia ninaye. Nesi. Akainamisha kichwa akaendelea kuandika.

Usinililie. Ungekuja ungeukuta mguu umeshaoza na kazi ungeikosa, tungekuwa wawili tusio na cha kusimamia. Nilihesabu hivyo na bado naona nilihesabu sawa. Wenye kosa wanajulikana, waliotia kufuli chumba cha vidonda huku na kuwaacha manesi kwenye mabenchi huko. Lakini hao hawana anwani ya kuandikiwa barua.

Sasa kwa kuwa umesaini na hawawezi kukunyang'anya, acha nikwambie na hili, lisije likaniozea na lenyewe. Nilikwambia usije, na kila siku nilisikiliza mlango. Nilijisemea, huyu alifundishwa kufunua shuka, hataniamini. Ukaniamini, mwanangu. Ukaniagiza na sare.

Nakutumia hiyo sare. Niliikata siku ile ile barua yako ya kuiagiza ilipofika, nikaishona nikiwa nimefunga mguu na mfuko wa plastiki. Kola imekaa vizuri kuliko ya kwanza. Pindo la chini sikulimaliza, cherehani inataka mguu, malizia kwa mkono. Usitumie uzi mweusi.

Na wakikuuliza tena huko wodini fundi ni nani, waambie ni mama yako, na hajambo.

Mama yako