Munkoyo ya mwenye kupigwa

Mujukuu wangu Solange,

Siye huku Likasi tuko bazima. Kambo yako mwanamuke anakusalimia, goti yake imepona.

Unauliza kama uache timu yako ya bezoboli, juu inapigwaka kila siku, na Daniel wa ku kazi anakuchekaka.

Minye pia nilikuwa na timu ya namna ile, ya mupira wa miguu. Rafiki yangu Kabwe alikuwa wa timu ya Kambove. Mwenye timu yake inapigwa, ni yeye analeta munkoyo, kile kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi, tunakunywa pamoja. Miaka na miaka nilileta minye. Kabwe anakunywa, anacheka mpaka machozi.

Kisha siku moja tulibapiga Kambove! Nilipoteza kiatu kwa kuruka. Nilikimbia na kikombe yangu fasi yenye tulikuwa tunaikalaka na Kabwe, juu ile siku ni yeye wa kuleta munkoyo. Hapakuwa muntu. Nilijua kazi ilikuwa imemupeleka Kabwe kuishi mbali, kule Kakanda, lakini miguu ilisahau. Nilisimama na kikombe mukononi: ushindi wote ule, na hakuna muntu wa kukasirisha.

Timu, kuiacha ao kuishikilia, utaona weye. Lakini Daniel mwenye kukucheka, umuchunge muzuri.

Ni minye, kambo yako.