Filamu ya Mama Imegeuzwa Vitana

Mtaa wa Kanisani 9,
Rauma, Ufini.
14 Machi 1934

Mpendwa kaka yangu Iivari,

Salamu nyingi zikufikie huko Kanada, wewe, wifi yangu Saima na watoto. Natumaini kifua cha Saima kimepona, na baridi ya huko imeanza kulegea. Sisi ni wazima. Goti la Shangazi Fanni bado linamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Bahari ingali imeganda na watu wanavua kwa kutoboa barafu.

Barua yako ya Februari nimeipata. Niliposoma kwamba mnakuja katikati ya kiangazi nililia pale pale posta, na unajua watu wa hapa wanavyomtazama mtu anayelia hadharani. Umeomba jambo moja tu, watoto wako wamwone bibi yao akitembea na kucheka katika ile filamu ya "Wajane Watatu wa Darajani". Iivari, naandika nikiwa na hasira, nisamehe mwandiko. Filamu haipo. Wameichemsha.

Wewe hukupata kuiona, basi nikueleze. Chama chetu cha Maigizo kilikuwa kikiucheza mchezo huo jukwaani, ule wa mzee mlinzi wa daraja anayeposa wajane watatu siku moja. Kiangazi cha 1922 watu wa sinema walikuja kutoka Helsinki, wakaupiga picha hapa hapa mtoni, waigizaji wakiwa wale wale wetu. Mama alikuwa mjane wa tatu. Ilikuwa filamu bubu, ya kuchekesha mpaka katikati, kisha mzee anaugua na watu wanaanza kutafuta leso. Nakala za Helsinki ziliungua ghalani. Yetu, mikebe saba darini kwa Chama, ndiyo iliyokuwa imebaki. Nyumbani tuna picha moja tu ya Mama, ile ya kipaimara, amekaza uso kama anang'olewa jino.

Nikaenda kwa Mwenyekiti Salonen kuomba ufunguo wa dari.

"Mikebe ipi tena, Tyyne?" akasema. "Si tuliiuza Januari? Na wewe ulikuwepo!"

Akanifungulia kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Jambo la saba: takataka za darini ziondolewe, tupate pazia jipya. Hakuna aliyepinga. Unazijua desturi zetu. Mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye neno, watu wanatazama vikombe vyao vya kahawa, anahesabu moyoni mpaka tatu, nyundo inagonga meza, imekwisha. Tulikuwa watu ishirini na sita mle ndani na hata mmoja hakuuliza takataka zenyewe ni nini! Mimi nilidhani ni viti vibovu. Nami nilitazama kikombe changu.

Mikebe aliichukua mnunuzi wa kiwanda cha vitana. Wanauchemsha ule utepe wa filamu katika maji ya magadi mpaka picha zote zitoke, halafu wanauyeyusha na kutengeneza vitana. Salonen hana haya hata chembe. Alivuta saraka akanitolea kimoja.

"Chukua, dada, zawadi. Hizo picha bubu nani anazitaka siku hizi? Sinema sasa zinasema!"

"Mama yangu alikuwemo humo."

"Mama yako tunamkumbuka sote. Alikuwa anachekesha yule, acha tu!"

Kitana nilikirudisha mezani kwa kishindo, kikavunjika meno mawili. Asiyejua maana haambiwi maana. Na ni huyu huyu aliyehutubia kaburini, akasema Chama hakitamsahau Mama kamwe. Sijapata kumchukia mtu hivi, na Jumapili nitakaa naye benchi moja kanisani.

Nilidhani hasira imefika mwisho wake. Juzi akaja fundi viatu Nestori, yule aliyezibwa masikio na homa akiwa na miaka tisa, anayesoma midomo ya watu. Filamu ile ilikuwa haimpiti kila ilipoonyeshwa. Aliingia bila hata kuvua kofia.

"Wewe ulikuwepo mkutanoni," akasema kwa sauti yake ile ya kukwaruza. "Una masikio mawili. Umeyafanyia nini?"

Akaniuliza sasa atayaona wapi maneno ya Mama. Nikamuuliza maneno gani, katika filamu bubu?

"Pale anapomgombeza mzee mlangoni, anamnyooshea kidole, na ninyi mnacheka mpaka mnashika mbavu. Yale si ya kwenye mchezo. Anasema, 'Iivari, miaka mitatu hata barua moja! Unakula nini huko? Nani anakufulia? U hai, mwanangu?'"

Nikakaa chini. Nestori akanitazama, hasira ikamtoka.

"Kumbe hamkujua," akasema. "Nilidhani mnacheka ili asilie."

Barua yako ya kwanza, Iivari, ilifika Krismasi ya 1923. Mama hakukulaumu mbele yetu hata siku moja. Alikaa nasi ukumbini akajitazama akiyasema hayo, na sisi pembeni yake tunacheka. Namkasirikia Salonen, najikasirikia mimi, na leo nakukasirikia na wewe. Nakwambia waziwazi kwa sababu katika nyumba hii tumenyamaza vya kutosha.

Shangazi Fanni anakusalimu, na mume wangu Kalle pia. Nestori anaomba vipimo vya miguu ya watoto, awashonee viatu. Wabusu wote kwa niaba yangu, na Mungu awavushe bahari salama.

Njooni tu. Filamu sina, ila kaburi lipo, upande wa kaskazini wa kanisa, na ufunguo wa lango haukai kwa Salonen. Ukifika usianze na maua. Mjibu kwanza alichokuuliza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Tyyne