Kijiko Katika Sura ya Sita

2 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu ndio mkorofi. Watu wakiandika barua husema "hofu ni kwako uliye mbali." Mimi siandiki hivyo, unanijua. Hofu sina, wala siifahamu sura yake.

Redio imefika, na kadi yake yenye kitabu ulichokisoma huko studio. Kitabu nimekisikiliza chote karakana, asubuhi, randa mkononi. Unasoma vizuri, sauti umeirithi kwangu. Lakini mwanangu, mzimu gani huo unaobisha hodi? Umetoka kaburini, umevuka ukuta wa mawe, halafu unafika mlangoni unagonga kama jirani aliyekuja kuomba kiberiti! Na jeneza likalia "kriii" likifunguka. Nani kawaambia jeneza lina bawaba? Nimetengeneza majeneza miaka arobaini na moja. Kifuniko kinakazwa kwa skrubu sita, basi. Hakuna mteja wangu aliyewahi kurudi kulalamika.

Halafu huyo marehemu alikuwa akifanya kazi gani? Hamkusema, nami nimekaa siku mbili nawaza. Aliyekuwa mshonaji hawezi kutisha sawa na aliyekuwa mchinjaji. Na kwa nini wote hupenda kukaa darini? Kuna nini huko? Muulize mwandishi.

Uvumilie mwandiko. Hii ni penseli ya kuchorea mbao, na mwalimu nilimkimbia darasa la tatu.

Baba yako


24 Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo umetulia. Mimi sijambo. Barua yako imenichekesha mpaka fundi mitambo wetu akaja kuuliza kulikoni. Swali la kazi ya marehemu limetushinda sote.

Baba, sikukuambia yote. Mwenye studio anasema wasikilizaji wangu wanasinzia. Amenipa vitabu vingine viwili tu vya kutisha. Nikishindwa, kipaza sauti atapewa mwingine, nami nitarudishwa mapokezi kupokea simu. Ndiyo maana nakutumia wewe. Wewe ndiye rula yangu: ukiogopa wewe, hakuna atakayesalimika. Cha kwanza kati ya hivyo viwili hiki hapa. Na uniambie kweli, umewahi kuogopa nini?

Binti yako


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo umeshika adabu. Kaka yako anakusalimu, amenenepa.

Kitabu hiki nimekisikiliza nikiwa nimelala ndani ya jeneza, lile lililokuwa mezani linangoja vanishi. Nilitaka kuhukumu kwa haki. Sura ya nne mteja akaingia, nami nikainuka kumwambia karibu. Kiatu chake kimoja bado ninacho. Kwa hiyo aliyetisha siku hiyo ni mimi, si wewe.

Kosa lako ni haraka. Unakimbilia kelele: upepo, paka, mlango, upepo tena. Sisi zamani tukiangusha miti, shoka halikumtisha mtu. Ila baada ya pigo la mwisho mti hunyamaza kidogo, haujaamua bado uangukie wapi. Hapo ndipo wanaume hukimbia. Mimi sikukimbia, niliwaona tu wenzangu migongo.

Umeuliza nimewahi kuogopa nini. Hakuna. Lakini nikuambie jambo, kaka yako asijue. Mama yako alipotutoka, kila asubuhi nilimsikia jikoni. Kijiko ndani ya kikombe chake cha bati: mizunguko mitatu, kisha anagonga ukingoni mara mbili, vile vile alivyozoea. Sikuogopa hata chembe. Nilisema "Nimeamka," nikatoka kitandani. Wewe ulikuwa bado hapa, sikukuambia nisije nikakutia wasiwasi. Halafu asubuhi moja kijiko kikanyamaza. Nikangoja mpaka jua likanifika miguuni.

Basi. Sikuogopa. Nilikwenda kupiga randa mbao ambazo hakuna aliyeziagiza.

Baba yako


9 Aprili

Baba, shikamoo.

Mwili wangu mzima, moyo sijui. Barua yako niliisoma ndani ya basi, nikapitiliza kituo.

Baba, yule alikuwa mimi. Baada ya mazishi ulikuwa huamki. Chakula unakirudisha, karakana umeifunga. Asubuhi moja nikakoroga chai katika kikombe cha mama, nikagonga ukingoni kama yeye, mkono tu ulijikumbusha. Nikasikia kitanda chako, na wewe unasema umeamka. Nilidhani unanijibu mimi. Siku chai ilipokwisha nilikoroga maji matupu, ili tu uinuke. Nikafanya hivyo mpaka siku niliyoondoka kuja huku kazini. Kikombe nilikibeba. Sikujua kwamba kesho yake ulilala unangoja.

Kitabu hiki ndicho cha mwisho nilichopewa. Katika sura ya sita marehemu anarudi jikoni kwake. Nimemsihi fundi mitambo aondoe upepo, paka na muziki. Tumeacha kijiko katika kikombe kile kile, halafu kimya. Fundi anasema kimya kirefu hivyo watu watadhani redio imeharibika. Mwenye studio ataamua mwisho wa mwezi ujao. Sikiliza, unihukumu. Na kama nilikukosea, nisamehe.

Binti yako


30 Mei

Baba, shikamoo.

Wiki saba bila neno. Kaka anasema u mzima, ila karakana kumepoa. Umenikasirikia? Nimemwomba mwenye studio asiamue kwanza, nikamwambia nasubiri msikilizaji mmoja. Amenipa wiki mbili.

Binti yako


10 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Hofu ni kwako uliye mbali, na kwangu pia ipo. Umesoma sawasawa, usipanguse macho.

Sikukasirika. Kadi niliitia kwenye kopo la misumari, nikawa naipita kwa mbali kama mtu anayempita mbwa wa watu. Jana asubuhi nikaitoa. Sura tano za mwanzo nimezimeza bila maji, na lile kabati la sura ya tatu linalia kama limeundwa na mwanafunzi. Nimefurahi marehemu huyu ana kazi. Muuguzi, sawa, muuguzi anajua kutembea bila kishindo.

Ikafika ya sita. Mizunguko mitatu. Ukingoni mara mbili. Nikasikia sauti yangu inasema "Nimeamka," na mimi nimesimama wima, nyundo mkononi. Halafu kimya. Nikangoja, na mti hauanguki. Kumbe asubuhi ile aliyenyamaza jikoni ulikuwa wewe.

Nikazima. Kilichofuata sikijui, na mashine isiniambie. Njoo na kikombe unimalizie kwa mdomo, na safari hii utie chai. Nimekuundia kiti. Kikalie utakavyo, hakilii.

Na huyo mwenye studio mwambie hivi: mzee aliyekaa na majeneza miaka arobaini na moja, jana amezima redio.

Baba yako