Kocha Karudi, Meza Haifutwi

Wajukuu, kombe lile pekee ambalo taifa letu liliwahi kulibeba nililileta mimi. Ndiyo, mimi Babu Kona, mwenye safu hii. Kocha alisimama tu pembeni akitafuna kucha.

Haya, acheni kuguna. Nilikuwa mkata tiketi wa lango la mashariki, na siku ya fainali sikuona hata bao moja, niliyasikia kwa mgongo. Mchango wangu wote ni kwamba mechi ya ufunguzi mvua ilinyesha, kocha akaazima mwavuli wangu, nikalowa mimi badala yake. Mwavuli sijauona tena. Sasa kocha huyo karudi kuifundisha timu ya taifa, na wiki hii nimeletewa barua inayomhusu. Nimeongeza nukta mbili tatu tu, maana mwandishi alizisahau zote.

*

Mpendwa Babu Kona, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana nyumba yangu imegeuka uwanja. Mume wangu ni kocha, nchi nzima inamjua, alichukua kombe na timu ya taifa halafu akaenda kufundisha klabu za nje akachukua na huko, juzi shirikisho likampigia magoti arudi, akarudi, watu wakamshangilia mpaka nikasahau kwamba watu hao hao ndio hugeuka, maana mechi mbili za kirafiki zote kafungwa na sasa nikienda sokoni muuza nyanya ananiambia, "Shemeji, kiporo kikipashwa sana huungua," nami nacheka lakini moyoni nalia. Jumamosi ni mechi ya mashindano yenyewe, akifungwa tumetolewa, na mwenyekiti wa shirikisho amekwisha kumwambia, sebuleni kwangu, akinywa chai yangu, "Kocha, tunakupenda, lakini Jumamosi ni Jumamosi."

Sasa Babu dhambi yangu ni hii. Mume wangu hupanga timu kwenye meza ya chakula kwa vizibo vya soda, kipa ni kichupa cha chumvi, na mwaka ule wa kombe, jioni ya kuamkia fainali, alipanga vizibo vyake akaenda kuoga, nami nikapita na kitambaa kufuta tone la mchuzi, vizibo vikasambaa, kimoja kikaingia chini ya kabati, nikakivuta kwa mpini wa mwavuli mmoja mweusi uliokuwa umesimama pale kwenye pembe, sijui hata ni wa nani, nikavirudisha vyote harakaharaka, hicho cha kabatini nikakosa pa kukiweka nikakitupia mbele kabisa kushoto, kumbe alikuwa beki. Mume wangu akatoka bafuni na taulo, akaitazama meza kwa muda mrefu, akasema, "Ahaa." Mimi nikanyamaza. Kesho yake beki wa kushoto akachezeshwa mbele, akafunga mabao mawili, tukabeba kombe, magazeti yakaandika kwamba mume wangu anaona yasiyoonekana, na mpaka leo makocha vijana wanachorewa mpango ule ubaoni, na mimi nikiusikia ukisifiwa redioni napatwa na kikohozi.

Tangu arudi, kila jioni anapanga vizibo, anavuta pumzi, ananiambia, "Mama watoto, meza hii ina vumbi," halafu anaenda kuoga, siku hizi anaoga mpaka vidole vinakunjamana, na mimi meza siigusi hata kwa ncha ya ukucha, nimeapa sitamharibia tena, akitoka anaitazama meza, ananitazama mimi, anauliza, "Hukufuta?" nasema, "Sijagusa kitu, baba," anaguna anaenda kulala bila kula. Juzi kanunua kitambaa kipya yeye mwenyewe, mtu ambaye hajui hata sufuria hukaa wapi, nikajua ananisema kwamba mimi mchafu. Mama mkwe naye anauliza mbona tunakula tumepakata sahani wakati meza ipo. Nimwambie ukweli? Nikimwambia sasa si nitamvunja miguu Jumamosi? Nikinyamaza, anahangaika kutafuta akili ambayo haikuwa yake. Ichapishe, ila jina langu usilitaje.

Mama Vizibo

*

Mama Vizibo, marahaba. Jina sijalitaja. Ila kocha wa taifa ni mmoja na mkewe ni mmoja, angalau huyo tunayemjua, kwa hiyo kabla chai haijapoa jirani atabisha hodi na gazeti hili mkononi. Muda wa kupima maneno huna.

Pole, mama. Kula kwa kupakata sahani nyumbani kwako si jambo dogo. Lakini wewe mwenye macho ya kuona tone la mchuzi kutoka jikoni, hili hukuliona? Mwanamume anakuambia meza ina vumbi, anakuachia uwanja, anaoga mpaka anachujuka, halafu anakununulia kitambaa! Huyo hasemi wewe mchafu. Huyo anakuomba. Anajua! Alijua tangu ile "Ahaa." Mtu aliyepanga vizibo kwa mkono wake hasahau beki wake alimwacha wapi. Mimi hesabu zilinifukuza darasa la nne, lakini kiko changu nikikiacha dirishani nikakikuta mlangoni, najua mke wangu kapita.

Miaka yote hiyo yeye kanyamaza kwa aibu, wewe umenyamaza kwa huruma, mmekaa meza moja mkifichana kitu ambacho wote mnakijua. Sasa kashikwa pabaya, anataka muujiza ule ule, ila mdomo wa kuuomba hana. Wanaume ndivyo tulivyo. Kumwomba mke msaada? Afadhali kuoga.

Lakini wewe, rudisha mkono! Usikimbilie kitambaa. Kitambaa hakijui mpira. Siku ile ulivuruga meza, sawa, nani aliyeutazama ule mvurugo akaona bao ndani yake? Kocha mwoga angefoka, "Nani kagusa vitu vyangu?" akamrudisha beki nyuma, tukafungwa kistaarabu. Wako alisema ahaa, akaenda kusimama mbele ya nchi nzima na ahaa yake. Hiyo akili ni ya kwake, usimnyang'anye. Beki yule naye leo ana duka la saruji na kitambi cha kuwekea kikombe. Ukimfutia meza kimyakimya, Jumamosi timu ikiwa nyuma wakati wa mapumziko ataanza kutafuta bafu.

Fanya hivi. Leo leo, akishapanga vizibo na kuanza habari za vumbi, mwambie, "Baba watoto, leo huogi. Kaa." Mweleze yote, mchuzi, kabati, mwavuli, kikohozi. Usicheke wewe kwanza, mwache aanze yeye. Akinuna, anune akiwa amekaa, na taulo likae mbali. Kisha zoa vizibo vyote, mtilie kiganjani, awapange vijana wa leo mbele ya macho yako. Akikuuliza unaonaje, sema unachokiona, umeolewa na mpira miaka yote hiyo hukosi neno. Halafu chukua kile kitambaa kipya, futa meza mpaka ing'ae, pakua chakula, kuleni mezani kama watu. Mama mkwe apewe kiti. Jumamosi akishinda, ashinde kwa macho yake. Akifungwa, afungwe akiwa ameshiba na ana mtu wa kucheka naye, na mwenyekiti akija kumfukuza, chai mpe, sukari mnyime.

Sasa mimi. Huo mwavuli mweusi, mpini wake si ni wa mbao, umepasuka kidogo na kufungwa uzi wa kiatu? Ndio huo. Wajukuu, mliguna pale juu, haya sasa, kile kizibo kilitolewa na nini chini ya kabati? Medali sidai, wala sitaki kuimbwa. Nataka mwavuli wangu. Jumamosi mawingu yamekaa vibaya, na babu yenu anakaa jukwaa lisilo na paa. Mama Vizibo, uache kwa mkata tiketi wa lango la mashariki, mwambie ni wa Babu Kona.