Shimo la Marta Chini ya Saruji

Mpendwa Mshauri, naomba radhi kukuchosha na habari za maji ya mvua ilhali wenzangu wanakuandikia mambo mazito ya ndoa, lakini hili nalo ni la ndoa, ingawa mke wangu, Marta, alilala katika Bwana miaka miwili iliyopita.

Nyumba yetu iko mteremkoni hapa Mbeya, juu kidogo ya Mwanjelwa, na upande wa chini wa ua Marta alichimba shimo pana, kina chake magotini, akalijaza mawe na kokoto, akapanda magimbi kandokando, na kila mvua iliponyesha maji yote ya bati yaliingia humo yakazama taratibu, naye alikuwa akisimama mlangoni na kusema, “Sikiliza, Mwalimu, ardhi inakunywa,” nami, Mungu anisamehe, sikuinua macho kutoka gazetini.

Alipofariki sikuweza kulitazama shimo lile, hivyo ibada ya kumbukumbu ilipokaribia na mwanangu Lusekelo akataka ua uwekwe saruji ili turubai na viti vikae sawa, nilikubali upesi, tukang'oa magimbi, tukafukia, na sasa maji yote yanateremka juu ya saruji hadi jikoni kwa jirani yetu wa chini, Mama Mwanaidi, rafiki wa Marta, ambaye hata miche ya magimbi yake alipewa na Marta. Ukuta wake umepata ufa. Juzi nilimkuta akiyachota maji jikoni kwa sufuria, nikaomba radhi, akacheka: “Mwalimu, maji ya Marta yalikuwa na adabu. Haya yako yanaingia bila hodi!” Ningefarijika kama angenigombeza.

Lusekelo anasema kuivunja sakafu ya kumbukumbu ni kumdharau mama yake. Nami naogopa kulifungua shimo, nisimame pale peke yangu. Tafadhali, nifanyeje?

Wako mtiifu,
Mwalimu Asukile

*

Shikamoo, Mwalimu. Kwa kufiwa, pole sana. Kwa saruji, sina pole. Unamlilia Marta huku ukimfurikia rafiki yake! Tangu lini saruji ikawa kumbukumbu ya mpanda magimbi? Mwambie Lusekelo hivyo, na umwambie kama baba yake.

Ua wote usiuvunje. Leo panga mifuko ya mchanga upande wa Mama Mwanaidi. Kisha vunja pale pa Marta tu, hatua tano au zaidi kutoka kuta zote, yako na yake. Chimba, jaza mawe chini, kokoto juu. Bati liwekewe mifereji, maji yaanzie kwenye pipa lenye kifuniko, yanayozidi ndiyo yaende shimoni. Yasipozama kwa siku moja, panua shimo.

Lakini kabla ya sururu, nenda kwa Mama Mwanaidi upige hodi ambayo maji yako hayakuipiga. Nenda na fundi wa kuziba ufa, na umwombe miche. Umeandika mwenyewe, Mwalimu, hukujisoma: magimbi ya Marta hayajafa, yapo ng'ambo ya ua wako. Mkayapande pamoja.

Na mvua ikianza, weka gazeti chini. Hata hili letu.